Chungu Kimoja, Mashamba Manne

Kaa. Na wewe uliyeegemea mlango, kaa, hii siyo ya kusikilizwa kwa mguu mmoja nje. Nikimaliza nitakuuliza kitu, na jibu la "sijui" sipokei.

Hapo zamani. Siyo ile zamani ya sungura kumtapeli fisi. Zamani ya juzijuzi hii, watu wana simu ila mlimani mtandao hakuna, ukitaka kupiga unapanda juu ya jiwe kama mbuzi. Huko milima ya Upareni kulikuwa na kijiji kinaitwa Vumbari, na Vumbari kulikuwa na ndiva.

Kwa wasiojua, ndiva ni bwawa la kuchimbwa kwa mkono, kuta za mawe na udongo, limekaa juu ya mashamba. Maji yanaingia usiku kucha, asubuhi kizibo kinachomolewa, maji yanashuka kwa mifereji. Leo zamu ya huyu, kesho ya yule. Ndivyo watu wanavyokula. Sasa mwaka huo mvua iligoma. Ndiva iliyokuwa inajaa usiku mmoja ikawa inajaa siku tisa. Fikiria mwenyewe. Ukikosa ufunguzi huu, ukisubiri siku tisa zingine, unakuja kumwagilia majivu.

Na Vumbari walikuwa na desturi yao. Mwaka wa ukame maji ya kwanza hayaendi kwa zamu, yanakimbiliwa. Jua likizama, timu zinachota maji kwenye chemchemi ya Ikongwe, ng'ambo kabisa ya mlima, mwendo wa kutwa nzima kwa mtu anayetembea. Kila timu kibuyu kimoja, watu wanne, vipande vinne vya njia. Kibuyu kinapita mkono kwa mkono usiku kucha. Atakayemimina maji yake ndivani kwanza, ndiva imeamka kwa jina la timu yake, na maji yote ya ufunguzi huo yanakwenda kwenye shamba moja la timu hiyo.

Masharti matatu. Kibuyu kisiguse ardhi, hata kwa kupumzika. Maji yafike juu ya alama iliyochongwa kiunoni mwa kibuyu. Na mtu akifa njiani, wa timu yoyote, ndiva haifunguliwi juu ya msiba, inakaa imefungwa mpaka matanga yaishe.

Kibuyu juu, ardhi chini, katikati mtu. Ndivyo walivyokuwa wakisema.

Sasa walikuwepo watu wa Juu. Ukoo mmoja, wengi kama siafu, na shamba lao ni moja, kubwa, limepakana na ndiva yenyewe. Kila mwaka wa ukame wanashinda wao. Vijana wao wanakula vizuri, wanalala vizuri, wana raba. Watu wa koo nyingine waliacha hata kujiandikisha, wakawa wanakuja asubuhi kupiga makofi.

Namsifu akasema yeye makofi hapigi tena.

Huyu Namsifu alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule aliachia kidato cha pili, ilimshinda au yeye ndiye aliyeishinda, inategemea unamuuliza nani. Alikuwa anaishi na mama yake, na mama yake alikuwa na kishamba cha maharage mekundu yenye madoa meusi, mbegu ya bibi yao, ambayo kijiji kizima hakuna mwingine aliyebaki nayo. Mwaka huo mama alipanda zote, hata kopo la akiba alilikung'uta. Maharage yalikuwa yametoa maua. Yakikauka, ndiyo basi, mbegu ya bibi imekwisha duniani.

Akaenda kwenye kikao cha wazee wa ndiva. Mzee Kajiru, ndiye aliyekuwa anashika kizibo, akamwambia mbio ni za ukoo, na ukoo wake yeye, kaka zake wakiwa wamekataa kukimbia, ni yeye na mama yake, je, watakimbia wawili wakipokezana wenyewe kwa wenyewe? Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na ugoro.

Namsifu hakucheka. Akaomba atamkiwe sheria yenyewe, neno kwa neno, vile walivyoiacha waliokufa. Wazee wakatazamana. Mwisho Kajiru akaitamka: "Wakimbie watu wa chungu kimoja."

"Ahsante mzee," akasema, akaondoka.

Kesho yake wazee wamekaa tena pale ukingoni mwa ndiva, wanamwona huyo anakuja na chungu kichwani, mafiga na kuni. Nyuma yake watu watatu. Wa kwanza mjomba wake, Sekiete, kaka wa mama yake, mtu mzima wa miaka hamsini. Wa pili wifi yake, Nasemba, mke wa kaka yake, ana mtoto wa kunyonya mgongoni. Wa tatu rafiki yake Elisante, ambaye jina hilo hakuna aliyelitumia, wote walimwita Toroli kwa sababu alikuwa anasukuma toroli la matofali na mdomo wake nao haukuwa na breki.

Wakawasha moto mbele ya wazee. Wakapika makande. Wakala wote wanne, chungu kimoja, mikono minne.

"Haya mzee," Namsifu akasema huku anatafuna. "Chungu ni kimoja. Hesabu."

Kajiru akachungulia chunguni. "Maharage mmetia machache," akasema. Basi. Wakaandikwa.

Ila pale pale kwenye kula, Nasemba alikuwa ameuliza kitu. Alisema, sisi tuna mashamba manne, manne tofauti, kila moja na mfereji wake. Tukishinda maji yanakwenda la nani? Namsifu alikuwa na moto wa kushinda, akamjibu, "Wifi, tushinde kwanza. Tukishinda tutaelewana." Wote wakaitikia, wakaendelea kuchota. Kosa liliingia chunguni hapo, na hakuna aliyelisikia kwenye ulimi.

Siku ikafika. Jua likazama, pembe ikalia ndivani, ikajibiwa na pembe ya mlima wa kati, na ya Ikongwe. Timu zilikuwa mbili tu, watu wa Juu na watu wa chungu.

Kipande cha kwanza, Toroli. Kupanda tupu, na mawe. Alitoka kama aliyefumaniwa. Akamwacha yule wa Juu mpaka akawa hasikii hata pumzi zake, na kwa kuwa ni Toroli, akaanza mbwembwe, akawa anakimbia kinyumenyume ili amwone mwenzake anavyoteseka. Jiwe halina utani. Akaenda chini. Lakini wakati anaanguka alikumbuka kitu kimoja tu, akakigeuzia kibuyu kifuani na kuutanguliza mkono wake wa kushoto. Mkono ukalia kama kuni. Kibuyu kikajipiga kwenye goti lake, kikapata ufa, ila ardhi hakikuigusa. Akainuka. Mkono unaning'inia, kibuyu kakikumbatia kwa wa kulia, akamaliza kupanda hivyo hivyo huku analia na kutukana.

Kibuyu juu, ardhi chini, katikati mtu.

Kipande cha pili, Nasemba. Mtoto alikuwa amemwacha kwa jirani, na matiti yalikuwa yamejaa, kila hatua ni kama mtu anampiga ngumi. Hajafika mbali akahisi nguo imelowa tumboni. Akadhani ni maziwa. Akaonja. Maji. Kibuyu kinavuja, na maji yako vidole viwili tu juu ya alama. Mwingine angekimbia zaidi. Yeye akasimama. Akaubana ufa kwa kidole, akatafuta mfenesi kando ya njia, akaling'ata fenesi changa kwenye kikonyo mpaka utomvu ukatoka, akaupaka kwenye ufa kwa ulimi na kidole, akaupuliza ukashika. Midomo ikagandana, hakuweza kusema vizuri mpaka asubuhi. Wakati anapaka, yule wa Juu akampita. Akampita huku anamwuliza kama anapika au anakimbia. Nasemba hakumjibu, mdomo ulikuwa kazini. Akamfuata kisigino kwa kisigino mpaka mwisho wa kipande, na maji yakabaki juu ya alama.

Kibuyu juu, ardhi chini, katikati mtu.

Kipande cha tatu, Mjomba Sekiete. Na hapa lazima ujue kitu. Miaka ishirini na miwili nyuma, Sekiete alikimbia mbio hizi hizi na kaka zake, na kwenye daraja la gogo kibuyu kilimponyoka. Tangu siku ile kijiji kilimwita Kaangusha. Watoto waliozaliwa baadaye walidhani ndilo jina lake. Alioa akiwa Kaangusha, akamzika mkewe akiwa Kaangusha.

Alifika kwenye lile gogo saa za jogoo wa kwanza, yule kijana wa Juu yuko mbele yake kwa hatua kumi. Kijana akateleza. Kibuyu chake akakiinua juu kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umeng'ang'ania gogo, miguu inapiga hewa, na chini ni korongo ambalo jiwe ukilitupa unahesabu mpaka saba. Akaita, "Mzee, nakufa."

Hakuna aliyekuwa anaona. Sekiete angeweza kupita. Badala yake akakiweka kibuyu chao kichwani, akakiacha kikae chenyewe kama wanawake wanavyobeba, akapiga magoti juu ya gogo lile lile, taratibu, shingo imesimama kama mlingoti, akamvuta kijana kwa mikono miwili. Kibuyu kikatikisika. Hakikuanguka. Kijana alipopata mguu, hakusema hata ahsante. Alikimbia.

Kibuyu juu, ardhi chini, katikati mtu.

Namsifu alikuwa anasubiri kwenye kipande cha nne, baridi inamng'ata miguuni. Pembeni yake yule wa mwisho wa watu wa Juu, Kiangi, raba mpya nyeupe, anarukaruka kujipasha moto. Usiku mzima alikuwa akimchokoza. "Dada, ungelala tu nyumbani. Maji yakifika kwetu nitakuletea kikombe."

"Kikombe hicho funikia mdomo wako," Namsifu akamwambia, "usije ukaingiwa na vumbi langu."

Lakini kibuyu cha kwanza kufika kilikuwa cha watu wa Juu. Kiangi akaondoka anapiga mluzi. Namsifu akasimama pale, akahesabu pumzi zake, mpaka alipomwona mjomba anatokeza, kibuyu bado kichwani, anatembea haraka kwa sababu kukimbia magoti yalishakataa. Alipompa, mikono ilimganda kwenye kibuyu, Namsifu akalazimika kumbandua kidole kimoja kimoja.

Njia ya kawaida ya kipande hicho inazunguka shamba la watu wa Juu, duara refu. Kiangi aliishika hiyo. Namsifu akaangalia kushoto, akaona mfereji mkuu unaoleta maji ndivani, mkavu kwa kuwa ndiva ilishajaa na umefungwa juu, unashuka moja kwa moja kutoka njiani mpaka ukutani mwa ndiva. Ila mfereji haukanyagwi. Ni mwiko. Mtu akikanyaga mfereji anatozwa mbuzi na kusemwa mwaka mzima. Akajiuliza mara moja tu: mwiko ni wa mfereji, au wa maji yaliyomo? Akaingia. Akakimbia ndani yake kama maji yenyewe. Magugu makavu yakamkata mashavu ya miguu. Mwisho akapanda ukuta kwa mkono mmoja, na wakati anakimimina kibuyu ndivani, nyuma yake akasikia raba za Kiangi zinakuja, pa pa pa, halafu zikaacha.

Watu wakapiga kelele, tena wale waliozoea kupigia makofi watu wa Juu ndio walipiga zaidi. Watu wa Juu wakadai mwiko umevunjwa. Kajiru akakipima kibuyu kwa unyevu uliobaki ndani, maji yalikuwa yamefika juu ya alama, akaugusa ufa, akanusa utomvu. Akasema masharti ni matatu, na kukanyaga mfereji siyo mojawapo, mbuzi atatozwa siku nyingine. Ndipo akamkabidhi Namsifu mti wa kizibo, maana aliyemimina ndiye anayechomoa.

"Haya," akasema. "Niambie nielekeze mfereji upi. Shamba la nani?"

Namsifu akawageukia wenzake.

Kwa miaka yote swali hilo halikuwahi kuwa swali. Watu wa Juu shamba ni moja. Sasa wenzake watatu, waliokifuata kibuyu nyuma nyuma usiku kucha, wameshafika, na wamesimama watu wanne wenye mashamba manne, na chini mifereji minne imepanua midomo.

Toroli, mkono wake umefungwa kwa kanga, akasema basi tugawane mara nne, kwani ni shida gani. Kajiru akamwonyesha mifereji. "Imepasuka kama visigino vya kiangazi. Ukigawa manne hakuna yatakayofika. Mtakuwa mmemwagilia mifereji." Halafu akasema na hili: jua likikigusa kizibo bila shamba kutajwa, maji ni ya waliofuata. Watu wa Juu kusikia hivyo wakakaa chini. Baba yake Kiangi akatoa sauti ya upole, wanangu, kama hamuelewani yarudisheni huku, sisi hatugombani.

"Hayarudi Juu," Namsifu akasema. "Hilo tumeshaelewana." Wote wanne wakaitikia. Na ndilo pekee waliloelewana.

Toroli akaanza, sauti imeshuka, siyo ile ya kila siku. "Mimi shamba siyo langu, mnajua. Nimeazimwa, na mwenye nalo kasema nisipovuna safari hii nimrudishie. Na toroli sitasukuma tena kwa mkono huu. Nyie kesho mtaamka wazima. Mimi nimelipa kwa mfupa."

Nasemba akasema, midomo bado inanata, "Mfupa umeuvunja kwa mbwembwe zako, na ufa ni wako. Mimi ndiye niliyeuziba. Bila utomvu ule Namsifu angemimina upepo. Mume wangu ana mwaka mzima hajaonekana, shemeji zangu wanasubiri mahindi yangu yafe wapate sababu ya kunirudisha kwetu bila mtoto. Wifi, unawajua kaka zako."

Namsifu anawajua. Akainamisha macho.

Mjomba akakohoa. "Mimi nina migomba sita na magimbi. Haiwezi kumwokoa mtu. Lakini yule kijana angekufa, ndiva ingefungwa mpaka matanga yaishe, na hata sisi wanne tusingekuwa tunabishana hapa. Maji haya yapo kwa sababu nilisimama. Miaka ishirini na miwili hakuna tone la kwanza lililopita shambani kwangu. Sitaki mavuno. Nataka maji yapite kwangu watu wakiona, mara moja, nife na jina langu. Siombi. Nadai."

Toroli akamrudia kwamba kusimama kwake ndiko nusura kuwape watu wa Juu ushindi. Mjomba akamwambia, kijana, wewe ulikimbia kinyumenyume. Nasemba akawaambia wote wawili kwamba walikimbia bila maziwa kifuani kwa hiyo wanyamaze.

Namsifu naye alikuwa na lake. Chungu kilikuwa wazo lake. Mfereji ulikuwa wazo lake, na mbuzi atatozwa yeye. Yeye ndiye aliyemimina. Na kule chini anayaona maua ya maharage, meupe, yameanza kujikunja pembeni. Akamtafuta mama yake kwenye watu. Mama alikuwa amemgeuzia mgongo, ametazama mlimani, ili macho yake yasimvute binti upande wowote.

Akakumbuka maneno yake mwenyewe, tukishinda tutaelewana. Yalikuwa na ladha ya makande.

"Namsifu," Kajiru akasema. "Jua."

Mwanga ulikuwa umeshuka ukutani, jiwe kwa jiwe. Umebakiza kidole kimoja kukifikia kizibo. Watu wa Juu wakaanza kusimama, mmoja tayari anakung'uta vumbi kwenye suruali. Namsifu akaukaza mti kwa mikono yote miwili, akavuta pumzi, akafungua mdomo kutaja jina.

Mimi naishia hapo.

Sasa wewe niliyekuambia ukae. Yuko aliyevunjika mkono, yuko aliyeziba ufa, yuko aliyeokoa mtu, na yuko aliyefika. Chungu walikula kimoja. Ungekuwa wewe umeshika mti ule, ungetaja shamba la nani?

Na usinitazame mimi. Jua hilo linakuja. Sema, la nani?